Unene wa Bamba: Inchi na Milimita katika Ndege Iliyonakiliwa

Dhiraa ya mtu mrefu si dhiraa ya mtu mfupi. Watu wa pwani walilijua jambo hili tangu zamani, kwa kuwa vipimo vyao vilikuwa viungo vya mwili: shibiri kwa kiganja, dhiraa kwa mkono, pima kwa mikono miwili iliyonyoshwa. Ugomvi ulipozuka baina ya muuzaji na mnunuzi, dawa yake ilikuwa karibu. Kitambaa kilipimwa tena, au bei ilipunguzwa, na kila mmoja akashika njia yake. Kitambaa ni kitu chenye huruma. Kikizidi hukunjwa, kikipungua huungwa. Chuma hakina tabia hiyo. Tundu lililotobolewa kwa kipimo kimoja halipokei bolti iliyochongwa kwa kipimo kingine, na ugomvi wa vitu viwili vya namna hiyo hausuluhishwi kwa maneno.

Ulimwengu wa viwanda umeishi na ugomvi huo kwa muda wa karne mbili. Upande mmoja umesimama mfumo wa metriki, wenye mita na milimita. Upande wa pili mfumo wa Kiingereza, wenye inchi, futi na yadi. Mara nyingi hudhaniwa kwamba tofauti iliyopo ni ya hesabu tu, na kwamba mwenye kujua kuzidisha na kugawanya ameimaliza. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Namba hubadilishwa kwa kalamu katika nukta moja, lakini kitu chenyewe, pamoja na mashine iliyokizaa, hubaki na kipimo chake cha kwanza. Visa vinavyolidhihirisha jambo hili ni vingi, na kilicho wazi kuliko vingi ni kile cha ndege ya vita iliyoundwa Marekani kwa inchi, kisha ikaundwa mara ya pili katika Umoja wa Kisovieti kwa milimita. Ili kisa hicho kifahamike, yafaa kwanza kueleza asili ya vipimo vyenyewe.

Mita ilizaliwa katika Mapinduzi ya Ufaransa. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1795 iliifanya kuwa sehemu moja ya milioni kumi ya masafa yaliyo kati ya ncha ya kaskazini ya dunia na ikweta, na mwaka 1799 fimbo ya platini ikawekwa mjini Paris iwe shahidi wa urefu huo. Waingereza nao walikuwa na fimbo yao. Sheria yao ya mwaka 1824 iliutambua urefu wa yadi iliyotunzwa katika jumba la Bunge. Miaka kumi baadaye jumba liliungua, fimbo ikaharibika, na fimbo mpya haikukubaliwa kisheria mpaka mwaka 1855. Hivyo kila upande ulikuwa na kipande cha madini kilichofungiwa kabatini, na mamilioni ya mafundi waliokuwa hawajapata kukiona walifanya kazi kwa kukitii.

Mwaka 1875 dola 17 zilitia sahihi Mkataba wa Mita mjini Paris, Marekani na Urusi zikiwa miongoni mwao. Marekani haikuiacha inchi, lakini mwaka 1893 iliamua kuieleza kwa mita: yadi ikawa sehemu 3600 katika sehemu 3937 za mita moja. Tangu hapo inchi ya Kimarekani ilikuwa mtoto wa mita, ingawa mafundi waliokuwa wakiitumia hawakuhisi badiliko lolote. Urusi ilikuwa na habari yake. Tangu zama za Petro Mkuu inchi ya Kirusi ilikuwa sawa na inchi ya Kiingereza, na bunduki mashuhuri ya jeshi la mfalme wa Urusi ilijulikana kwa upana wa tundu la mtutu wake, yaani sehemu tatu za kumi za inchi. Serikali ya Kisovieti iliiondoa inchi hiyo kwa amri ya Septemba 1918. Viwanda vikubwa vilivyojengwa baadaye vilijengwa kwa metriki, hata kufikia mwaka 1945 mhandisi kijana wa Moscow aliiona inchi kuwa kipimo cha kigeni, ilhali babu yake aliinunulia mbao.

Wala asidhani msomaji kwamba wenye inchi walikuwa wamepatana wao kwa wao. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, muunda mashine wa Manchester, aliwapendekezea wahandisi wa London kanuni moja ya meno ya skrubu. Kabla yake kila karakana ilichonga meno kama ilivyopenda, na bolti ikipotea ilibidi mwenye mashine airudie karakana ile ile iliyoiunda. Whitworth alichagua pembe ya digrii 55 baina ya jino na jino. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alileta kanuni nyingine mbele ya Taasisi ya Franklin, yenye pembe ya digrii 60, ambayo aliiona kuwa rahisi zaidi kuchongwa na kupimwa. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 katika kila inchi. Ya Sellers ina meno 13. Zote mbili ni za nusu inchi, zote mbili ni za watu wasemao lugha moja, na nati ya moja haivai bolti ya nyingine.

Gharama ya tofauti hiyo ilionekana katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1940 kampuni ya Packard ya Detroit ilipewa kazi ya kuunda injini ya Merlin, iliyobuniwa na Rolls-Royce ya Uingereza. Ndege za Uingereza zilikuwa tayari vitani na injini hiyo, na iliyotoka Marekani ilipaswa kutengenezwa uwanjani kwa spana na vipuri vile vile. Kwa hiyo Packard ilibaki na meno ya Kiingereza. Na kwa kuwa vifaa vya kuchongea meno hayo havikupatikana Marekani, ilijitengenezea vyake. Injini za kwanza zilitoka mwaka 1941, na kabla ya kazi kwisha zilipita 50,000. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kupatanisha vipimo viwili: kukibeba kipimo cha kigeni kizima kizima, na kubadili zana za nyumbani zipate kukitumikia. Ni njia ya gharama, lakini yawezekana pale ambapo aliyebuni na anayeunda ni marafiki, michoro imetolewa, na maswali yana wa kuyajibu.

Ndege iliyoangukia mikononi mwa Warusi haikuja na michoro wala na mtu wa kuulizwa. Ilikuwa ni Boeing B-29, ndege ya kutupa mabomu iliyoruka mara ya kwanza tarehe 21 Septemba 1942. Mabawa yake yalikuwa na upana wa futi 141 na inchi 3, sawa na mita 43 na kitu kidogo. Vyumba vya marubani vilifungwa visipitishe hewa ili watu wapumue vyema katika anga la juu, na bunduki zake zilielekezwa kutoka mbali kwa mitambo ya hesabu. Umoja wa Kisovieti haukuwa na ndege ya kulingana nayo. Ulikuwa umeiomba Marekani iupe, na haukupewa.

Mwaka 1944 ndege hizo zilikuwa zikishambulia Japani na Manchuria. Kati ya Julai na Novemba, ndege tatu zilizopata hitilafu au kuishiwa mafuta zilitua katika eneo la Vladivostok zikiwa nzima. Umoja wa Kisovieti ulikuwa mshirika wa Marekani dhidi ya Ujerumani, lakini ulikuwa umefunga mkataba wa kutoshambuliana na Japani tangu Aprili 1941. Kwa sababu hiyo wanahewa waliwekwa kizuizini, kisha wakapitishwa kwa siri mpaka Iran na kurudi kwao. Ndege hazikurudishwa.

Katika kiangazi cha mwaka 1945 Stalin aliamuru zinakiliwe. Kazi alipewa Andrei Tupolev, mbuni wa ndege aliyekuwa na sifa kubwa na makovu makubwa vilevile. Alikuwa amekamatwa mwaka 1937 na kufanyishwa kazi ya ubunifu akiwa mfungwa mpaka mwaka 1941. Amri ilikuwa fupi: ndege inakiliwe kama ilivyo, pasipo kubadilishwa kitu, na muda ni miaka miwili. Ndege tatu zilipelekwa Moscow. Moja ilifunguliwa kipande kwa kipande. Ya pili ilitumiwa kufunzia marubani. Ya tatu iliachwa bila kuguswa, iwe kielelezo cha kulinganishia. Kila kipande kilichofunguliwa kilipigwa picha, kikapimwa, kikatiwa mizanini, na madini yake yakachunguzwa ili ijulikane yamechanganywa na nini.

Hapo ndipo amri ilipokutana na bamba. Ngozi ya ndege ya namna hii ni mabamba membamba ya alumini iliyoimarishwa kwa madini mengine, yaliyopigiliwa ribiti juu ya mifupa ya ndani. Bamba la B-29 lililotajwa zaidi katika masimulizi ya kazi hii lilikuwa na unene wa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani nusu ya thumuni. Kwa metriki ni milimita 1.5875. Katika nchi nzima ya Kisovieti hapakuwa na kiwanda kilichotoa bamba la unene huo.

Msomaji aweza kuuliza ni kwa nini kiwanda kisiamriwe tu kulitoa. Bamba hupatikana kwa kupitishwa baina ya rola mbili nzito, na rola zaweza kusogezwa. Lakini unene wa bamba haukai katika rola peke yake. Umo katika vifaa vya kupimia vya wakaguzi, katika majedwali ya muda wa kulitia bamba moto na kulipoza, katika vyuma vya kukunjia na kutobolea, katika hesabu za nguvu zilizojaribiwa kwa miaka mingi, na katika ghala zilizojaa akiba. Kuubadili unene mmoja kwa hakika ni kuibadili safu nzima ya kazi, na safu hiyo ilihudumia kila ndege nyingine iliyokuwa ikiundwa nchini. Wakati wa kufanya hivyo haukuwapo.

Basi ilibidi kuchagua bamba lililo karibu, na hapa kila njia ilikuwa na mwiba wake. Tuseme limechukuliwa bamba la milimita 1.5. Ni jembamba kuliko la asili kwa sehemu 5 na nusu katika 100, na hasara hiyo yaonekana ndogo. Walakini ugumu wa bamba dhidi ya kupinda hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kwa hiyo ugumu wake hupungua kwa kadiri ya sehemu 16 katika 100. Tuseme sasa limechukuliwa bamba la milimita 1.8. Ugumu huongezeka kwa karibu nusu, lakini uzito nao huongezeka kwa sehemu 13 katika 100. Ongezeko hilo likienea juu ya mabawa na kiwiliwili chote, ndege hubeba tani za alumini isiyo na kazi mahali pa mafuta na mzigo, na safari yake hufupika. Ukipunguza, ndege yaweza kuvunjika. Ukiongeza, yaweza isifike.

Ribiti zilifuata mkondo huo huo. Ribiti ya thumuni ya inchi ina kipenyo cha milimita 3.175. Ikiwekwa mahali pake ribiti ya milimita 3, eneo la chuma linalostahimili kukatwa hupungua kwa karibu sehemu 11 katika 100, na ili nguvu irudi lazima ribiti ziongezwe au zisogezwe karibu. Zikisogezwa, mashimo huongezeka, na bamba lenye mashimo mengi hudhoofika. Waya za umeme nazo hazikuwa na msamaha. Waya mnene kuliko wa asili ulizidisha uzito, na waya mwembamba ulipoteza nguvu ya umeme njiani kabla haijafika kwenye mtambo ulioingoja. Katika ndege iliyojaa mitambo ya umeme jambo hilo halikuwa dogo.

Wahandisi wa Tupolev walikuwa na uzoefu wa aina fulani. Kabla ya vita nchi yao ilikuwa imenunua haki ya kuunda ndege ya abiria ya Douglas DC-3, na michoro yake ilikuwa imehamishwa kutoka inchi kwenda metriki. Ndege hiyo baadaye ikaitwa Li-2. Lakini kule michoro ilitolewa na mwenyewe, na hakuna aliyekatazwa kubadili kitu. Safari hii walitakiwa kutobadili kitu, na kila kitu kilidai kibadilishwe.

Walifanya lililowezekana. Badala ya kutafuta unene mmoja wa kulingana na nusu ya thumuni ya inchi, walilihesabu upya kila bamba kwa nguvu iliyolielemea mahali pake. Pale ambapo Wamarekani waliweka unene mmoja, ngozi ya nakala iliundwa kwa mabamba ya unene mbalimbali, tangu milimita 0.8 hadi 1.8. Mahali palipoelemewa kidogo paliwekwa bamba jembamba kuliko la asili. Mahali palipoelemewa sana paliwekwa nene. Ziada ya huku ililipa pungufu ya kule. Kwa kufanya hivyo walilazimika kujua jambo ambalo mwenye kunakili hatakiwi kulijua: kwa nini kila kitu kiliundwa kama kilivyoundwa.

Si kila kitu kilichonakiliwa. Injini haikuwa ya Marekani. Ilikuwa ya mbuni wao Shvetsov, ambaye kazi yake ilianza kwa kuunda injini za Wright kwa ruhusa, hata injini hizi mbili zikawa kama watoto wa ukoo mmoja waliolelewa nyumba mbalimbali. Bunduki za nusu inchi ziliondolewa, na mahali pake ikawekwa mizinga midogo ya Kisovieti ya milimita 20, na baadaye 23. Hata hivyo mambo ya hiari kama hayo yalikuwa machache. Ndege ilipewa jina la Tu-4, ikaruka mara ya kwanza tarehe 19 Mei 1947. Tarehe 3 Agosti mwaka huo ndege tatu zilipita juu ya uwanja wa Tushino karibu na Moscow, mbele ya mabalozi wa nchi za nje. Wageni wakadhani wanaziona zile B-29 tatu zilizopotea. Ikafuata nyuma yao ndege ya nne, ya abiria, iliyokuwa na mabawa ya jamaa hiyo hiyo, na hapo wakatambua kwamba hesabu yao imepita tatu.

Ndege tupu ya Tu-4 ilizidi uzito wa ndege tupu ya B-29 kwa kadiri ya kilo 340, chini ya sehemu moja katika 100. Anayeisoma namba hiyo bila kujua kisa cha bamba huona nakala iliyofanywa kwa uangalifu. Anayekijua huona jambo jingine. Uzito wa karibu sawa haukupatikana kwa vipande vilivyo sawa. Ulipatikana kwa vipande visivyolingana vilivyosawazishwa kimoja kwa kingine. Kwa macho ndege zilikuwa mapacha. Kwa kipimo, ngozi ya moja haikuweza kukata kiraka cha nyingine.

Na uzito huo haukuwa wa kujivunia karatasini tu. Ziliundwa ndege 847 kabla kazi haijasimama mwaka 1952. Tarehe 18 Oktoba 1951 mojawapo iliangusha bomu la atomiki katika majaribio, na hilo likawa bomu la kwanza la namna hiyo kuangushwa na ndege ya Kisovieti. Lau bamba lingekuwa zito kupita kiasi au jepesi kupita kiasi, zana ile isingelibeba mzigo ule. Hivyo suala la milimita 1.5875, ambalo fundi angeliona kuwa la chumba cha michoro, lilikuwa na sehemu yake katika mizani ya dola mbili kubwa.

Njia ya Tupolev ni njia ya pili ya kupatanisha vipimo: kukitafsiri kitu kizima katika kipimo cha nyumbani. Nayo hufanana na kazi ya mfasiri wa maneno. Mfasiri mbovu hubadilisha neno kwa neno, akaja na sentensi isiyosimama. Mfasiri hodari hujiuliza neno lilikuwa likifanya kazi gani, kisha hutafuta katika lugha yake kitu cha kufanya kazi ile. Amri ya Stalin iliagiza tafsiri ya neno kwa neno. Bamba likakataa, na wahandisi wakafasiri kwa maana.

Kuna njia ya tatu, nayo ni kupatana kabla kitu hakijaundwa. Njia hii ilianza kimya kimya, karakanani. Mswidi Carl Edvard Johansson, aliyekuwa fundi wa kiwanda cha silaha, alibuni mwanzoni mwa karne ya ishirini vipande vya chuma vilivyosuguliwa kwa ustadi mkubwa, ambavyo vikiunganishwa huunda urefu wowote wa kupimia. Wateja wa inchi walipovitaka, alikutana na tatizo: inchi ya Marekani ilizidi milimita 25.4 kwa punje ndogo, na ya Uingereza ilipungua kwa punje ndogo. Johansson alichagua 25.4 kamili, katika joto la digrii 20 za sentigredi. Mfanyabiashara huyo mmoja alisuluhisha kwa chuma jambo ambalo serikali zilikuwa hazijalisuluhisha kwa sheria. Shirika la viwango la Uingereza liliifuata namba hiyo kwa matumizi ya viwanda mwaka 1930, na la Marekani mwaka 1933.

Tarehe 18 Novemba 1948 wajumbe wa Marekani, Uingereza na Kanada walitia sahihi mjini Washington makubaliano ya meno ya skrubu ya namna moja. Vita ilikuwa imewafundisha kwa gharama kwamba inchi kwa inchi haitoshi. Pembe iliyochaguliwa ilikuwa digrii 60, ile ya Sellers; kwa hiyo Waingereza waliiacha ya Whitworth baada ya miaka mia na saba. Wakati huo huo Shirika la Kimataifa la Viwango, lililoanza kazi mwaka 1947, lilipewa kamati yake ya kwanza, na shughuli ya kamati hiyo ilikuwa ni meno ya skrubu. Meno ya metriki ya shirika hilo nayo yana pembe ya digrii 60. Kwa hiyo bolti ya inchi na bolti ya milimita zimeupata umbo mmoja wa jino, ingawa bado haziingiliani.

Mwisho, tarehe 1 Julai 1959, Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika ya Kusini zilikubaliana kwamba yadi ni mita 0.9144 kamili, na inchi ni milimita 25.4 kamili. Inchi ya Marekani ilipunguzwa kwa sehemu mbili katika milioni; ya Uingereza iliongezwa kwa kiasi kinachokaribia hicho. Wapima ardhi wa Marekani, ambao ramani zao zilikuwa ndefu mno kuvumilia hata badiliko hilo, waliachiwa futi yao ya zamani, nao wakabaki nayo kisheria mpaka mwisho wa mwaka 2022.

Makubaliano ya mwaka 1959 husifiwa kuwa ndiyo yaliyokomesha ugomvi wa inchi na mita, na kweli yalikomesha mmoja. Lakini yapimwe kwa kisa cha Tupolev. Kama yangalifanywa miaka ishirini mapema, yangalimsaidia nini? Nusu ya thumuni ya inchi ni milimita 1.5875 kabla ya makubaliano na baada yake. Tofauti ya sehemu mbili katika milioni haionekani katika bamba. Tupolev hakushindana na thamani ya inchi. Thamani hiyo aliijua. Alishindana na orodha ya mabamba yanayotengenezwa, na orodha hiyo haikuwamo katika mkataba wowote. Kukubaliana juu ya kipimo ni jambo moja, na kukubaliana juu ya vitu vinavyoundwa kwa kipimo hicho ni jambo jingine. La kwanza hufanywa na wanasheria na wataalamu wa fizikia kwa siku moja. La pili hufanywa na viwanda, ghala na maduka, nalo huchukua vizazi.

Ushahidi wake u karibu kuliko Moscow. Nchi za Afrika Mashariki zilirithi inchi na futi kutoka utawala wa Kiingereza, kisha baada ya uhuru zikahamia metriki. Shuleni mtoto hafundishwi tena yadi. Lakini seremala wa Dar es Salaam au wa Nairobi akinunua ubao wa plaiwudi, hupewa wenye milimita 1220 kwa 2440. Namba hizo zina sura ya metriki, na asili yake ni futi 4 kwa 8. Fundi wa mabati akinunua ribiti za milimita 3.2, ananunua thumuni ya inchi iliyovaa nguo mpya. Na fundi bomba hana haja hata ya nguo hizo. Huagiza bomba la nusu inchi kwa jina lake.

Bomba hilo lastahili kutazamwa kwa makini. Ukilipima nje hupati nusu inchi. Hupata kama milimita 21. Ukilipima ndani hupati nusu inchi pia. Jina limebaki baada ya kipimo kuondoka. Lakini tazama meno yaliyochongwa penye ncha yake: yako 14 katika kila inchi, na pembe yake ni digrii 55. Ni pembe ya Whitworth ya mwaka 1841. Waingereza waliiacha katika bolti zao mwaka 1948, lakini katika mabomba ya maji haikuondoka, na viwango vya kimataifa vimeipokea, hata katika nchi ambazo hazikupata kuwa na inchi. Sababu ni ile ile iliyomkabili Tupolev. Bomba jipya lazima liungwe na bomba la zamani lililokwisha fukiwa ukutani, na ukuta haubomolewi kwa ajili ya namba.

Kila kipimo kilichotumika kujenga kitu hubaki kinadaiwa muda wote kitu hicho kinapodumu. Anayeandika sheria mpya ya vipimo hulipa deni hilo kwa wino, na salio huachiwa fundi, ambaye hulilipa kwa bamba, kwa ribiti na kwa usiku wa kuhesabu upya. Wahandisi wa Tu-4 walilipa deni la inchi ambazo hawakuzitumia wao, chini ya bwana asiyekubali udhuru. Fundi bomba wa leo hulilipa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa spana yake na meno ya bomba lake vilikwisha patanishwa kabla yeye hajazaliwa. Naye akikaza nati, maji yanapita, na hakuna anayemkumbuka Whitworth.